Kabla hujalipia randa ambayo tayari unayo

Muuzaji akikutandikia randa kuukuu za mbao juu ya turubai, usianze na bei. Shika moja, igeuze, utazame kisigino chake, yaani mwisho wake wa nyuma. Umbo lote la kazi yake linaonekana hapo, na hapo ndipo utakapojua kama unanunua kitu kipya kwako au unalipia kilekile ulichokiacha nyumbani.

Ninazungumzia zile randa nyembamba za kuchongea mikanda ya urembo: ukingo wa fremu ya dirisha, pembe ya mlango wa paneli, kichwa cha kabati. Randa pana ya kusawazisha mbao ni habari nyingine. Kila moja ya hizi nyembamba ina uso wa umbo moja na kisu cha umbo hilohilo, na haichongi kingine. Ndiyo maana mtu hatosheki na moja. Anaongeza ya pili, ya tano, ya kumi, na kufikia hapo macho hayakumbuki tena alichonacho.

Hapa Korogwe si ajabu kuzikuta. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Kando yake yakaja mashamba ya mkonge yenye karakana zake, nyumba za mameneja, stesheni, shule na makanisa. Juu milimani, wamisionari wa Bethel walikuwa Mlalo tangu 1891 na Vuga tangu 1895. Majengo hayo yote yalihitaji milango na madirisha, na mafundi wa kuyatengeneza na kuyakarabati. Zana za mafundi hao zimebaki kwenye masanduku ya familia, na mara nyingi zinauzwa na wajukuu wasiojua ni za nini.

Njia nyingine ni misaada. Shirika la Uingereza liitwalo Tools for Self Reliance, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, limekusanya zana za mkono zilizotumika, likazikarabati na kuzipeleka kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwemo. Zana za namna hiyo huzunguka mikononi mwa mafundi miaka mingi. Kwa hiyo usishangae kuona jina la fundi wa Kiingereza limegongwa kwenye randa inayouzwa Manundu, hapahapa mjini Korogwe.

Sasa tuje kwenye hasara yenyewe. Randa nyingi za umbo za Kiingereza zilitengenezwa kwa urefu mmoja, inchi 9 na nusu, yaani kama sentimita 24. Ukizitazama kwa ubavu zote zinafanana: kipande cha mbao ya kahawia, kabari juu, kisu katikati. Tofauti iko chini, na chini hakupigwi picha. Mtu anayeuza kwa simu anakutumia picha ya ubavu, wewe unaona kitu kizuri cha kale, unalipa. Inapofika unaiweka kando ya ile uliyonayo na kukuta nyuso ni zilezile.

Namba nazo hupotosha. Seti kamili ya randa za mbonyeo na mbinuko ni jozi 18, yaani randa 36, na nusu seti ni jozi 9. Namba hugongwa kwenye kisigino, na jina la mtengenezaji kwenye ncha ya mbele. Ungedhani basi ukiwa na namba 6 na namba 8 hutakosea. Utakosea, kwa sababu watengenezaji hawakutumia kipimo kimoja. Namba 8 ya mmoja inaweza kulingana na namba 7 au 9 ya mwingine. Zaidi ya hapo, wamiliki waliofuata waligonga namba zao wenyewe juu ya zile za kwanza. Ukinunua kwa namba peke yake utapata zinazojirudia, na utaacha zile ulizozikosa kwa kudhani unazo.

Dawa yake haina gharama. Umbo la uso wa randa hizi limepita moja kwa moja kutoka ncha hadi kisigino. Simamisha randa juu ya kadibodi ngumu, zungusha kalamu iliyochongwa vizuri kwenye kisigino, kata kwa mkasi ubakize upande wa nje wa mstari, andika upana kwa milimita. Fanya hivyo kwa kila randa uliyonayo. Zitoboe kadi zote kona, zipitishe uzi, ziweke kwenye mfuko wa suruali. Ukifika sokoni unapachika kadi kwenye kisigino cha randa inayouzwa. Ikikaa bila mwanga kupenya, unayo tayari. Ikiacha upenyo, endelea na mazungumzo ya bei.

Unayenunua kwa simu, mwombe muuzaji picha tatu: kisigino kikitazama kamera moja kwa moja na rula pembeni, kisu kikiwa kimetolewa, na randa ikitazamwa kutoka nyuma kwenda mbele ili kuona kama imepinda. Akikataa picha ya kisigino, acha. Kuna nyingine.

Tahadhari hapa: si kila zinazofanana zinajirudia. Ya mbonyeo na ya mbinuko za namba moja ni jozi, moja inachonga mgongo na nyingine inachonga bonde, na zikiwekwa uso kwa uso zinakumbatiana. Wako wanaoiacha mojawapo kwa kuona namba ileile. Vilevile zipo randa za kona kali zinazotengenezwa kwa kushoto na kulia, kwa sababu nyuzi za mbao hazikubali kurandwa kutoka kila upande. Hizo nunua zote mbili zikipatikana pamoja. Ukiacha moja leo, kuitafuta peke yake baadaye kutakugharimu nauli zaidi ya thamani yake.

Sasa gharama. Una njia tano za kuchonga mkanda wa urembo kwenye mbao, na mkusanyaji mwenye akili anazilinganisha zote, hata kama moyo uko kwenye za kale.

Ya kwanza ni kununua randa mojamoja hapahapa: Korogwe, Mombo, Hale, au Ngamiani mjini Tanga. Bei yake ndiyo ya chini kuliko zote kwa sababu muuzaji hana wanunuzi wengi, na unaishika mkononi kabla ya kulipa. Kasoro ni kwamba huchagui. Unapata inayokuja, na upatikanaji ni wa bahati. Gharama iliyofichika ni safari. Nauli ya kwenda Tanga na kurudi, karibu kilomita 100 kila upande, inaweza kuzidi bei ya randa yenyewe, basi usiende kwa ajili ya moja. Unganisha na shughuli nyingine, au mwombe muuzaji aitume kwa basi. Na kwenye kutuma pesa kwa simu, kubalianeni mapema kama bei ni pamoja na ya kutolea. Maneno "na ya kutolea" yakija baada ya mapatano ni bei mpya kwa jina lingine.

Ya pili ni kuagiza Ulaya, hasa Uingereza, zilikotengenezwa kwa wingi. Huko randa moja moja huuzwa bei ya chini kwenye masoko ya vitu vya zamani, ilhali seti kamili ya mtengenezaji mmoja huuzwa ghali mno kwa kila kipande. Hapo ndipo wengi wanapovutwa na bei ya moja. Fanya hesabu kwanza. Tuseme randa ni shilingi 50,000 na kuisafirisha ni 70,000. Forodha haitazami ile 50,000 peke yake. Hutazama bei, bima na usafiri kwa pamoja. VAT ya asilimia 18 kwenye 120,000 ni 21,600, na hiyo ni kabla ya ushuru wa forodha wenyewe, ambao nao huongezwa kwenye kiasi kinachotozwa VAT, pamoja na tozo ndogondogo na ada ya kampuni ya vifurushi ya kushughulikia karatasi. Randa ya 50,000 imeshapita 140,000 na bado haijatoka Dar es Salaam. Ikija ikawa inajirudia, huwezi kuirudisha, maana kuirudisha ni kulipa usafiri tena.

Ninachoshauri kwa njia hii ni kimoja: usiagize moja. Jiungeni watu watatu au wanne, agizeni fungu, mgawane usafiri, na kabla ya kulipa kila mmoja alete kadi zake za visigino. Kama hamna wa kujiunga nao, acha kuagiza mwaka huu.

Ya tatu ni randa ya chuma yenye visu vya kubadilisha. Ilibuniwa Marekani karne ya 19 kuchukua nafasi ya sanduku zima la randa za mbao: mwili mmoja, visu zaidi ya ishirini. Kwa asiye na nafasi ya kuhifadhi inavutia, na haiwezi kukuletea marudio. Lakini visu vikipungua ndipo matatizo yanapoanza. Karibu kila moja inayouzwa kama kuukuu imekosa visu kadhaa, skrubu moja, au mkono wa kuongozea. Hesabu visu kabla ya kulipa, fungua na kufunga kila skrubu kwa mkono wako. Kisha ujue kwamba inakwaruza kwenye mbao yenye nyuzi zinazopishana, kwa sababu haina soli, yaani uso wa chini, ya kukandamiza nyuzi mbele ya kisu kama ilivyo kwenye randa ya mbao. Kwa msonobari wa Shume itakufaa. Kwa mkongo au mvule utatumia msasa mpaka uchoke.

Ya nne ni mashine ya ruta. Kwa fundi mwenye oda kila wiki, sina ubishi, nunua ruta. Inakwenda haraka, inapatikana madukani Tanga na Dar es Salaam, na mtoto wa kazi anajifunza siku moja. Lakini bei ya dukani ni ya mashine tu. Ongeza visu vyake, ambavyo kila umbo ni kisu chake, ongeza kaboni za mota, waya mrefu, miwani na kitambaa cha puani. Umeme ukikatika unalipia mafuta ya jenereta au unakaa. Mtiki, ambao eneo letu tunaupata kutoka shamba la serikali la Longuza kule Muheza, una chembe za mchanga ndani ya nyuzi zake, nazo humaliza makali upesi. Kisu cha bei rahisi hakimalizi kazi kubwa ya mtiki. Ruta ndogo pia haifiki kwenye mikanda mipana ya kale. Anayekarabati dirisha la nyumba ya zamani ya meneja wa mkonge, akitaka kipande kipya kilingane na cha zamani, ataitafuta randa tu.

Ya tano ni kutengenezewa. Hii wengi wanaidharau na mimi naiona ndiyo yenye faida kuliko zote kwa anayehitaji umbo moja au mawili. Seremala mzuri anachonga mwili wa randa kwa mbao ngumu iliyokauka, mkongo ukipatikana maana hautikisiki sana na hali ya hewa. Mhunzi anafua kisu kwa chuma cha springi ya gari. Mnalinganisha kisu na uso kwa tupa, kisha kinazimwa na kunolewa. Unaagiza umbo unalotaka, kwa hiyo hakuna kujirudia. Kilichofichika ni muda wa kunoa mpaka kisu na soli vikubaliane. Lipa baada ya kuona maranda yakitoka, si kabla.

Kuna pia mikanda iliyokwisha kuchongwa, inayouzwa kwa futi kwenye karakana za mashine. Kama kazi ni chumba kimoja tu na umbo lolote linakufaa, nunua futi zako uondoke. Hiyo haihitaji randa wala makala.

Turudi kwenye za kale, maana kuna kitu kinachoamua kama itakufaa au itakaa rafuni. Ni mlalo wa kisu. Randa nyingi za Kiingereza zilifanywa kwa mbao laini, na kisu chake kimelala nyuzi 45 au 50. Zilizokusudiwa mbao ngumu zimesimamishwa zaidi, nyuzi 55 au 60. Hapa kwetu fremu nzuri ni mninga, mkongo, mvule na mtiki. Randa ya nyuzi 45 huchana kwa urahisi nyuzi za mbao hizo hata ikinolewa vizuri. Chukua kipimapembe cha mtoto wa shule, kiweke ubavuni kwenye kitanda cha kisu. Mbili zikiwa na uso mmoja, moja nyuzi 45 na nyingine 55, hazijirudii: ya kwanza ni ya msonobari, ya pili ni ya mkongo, na ya pili ndiyo ya kulipia zaidi.

Halafu kagua uzima. Kabari iliyopotea si tatizo, seremala anachonga nyingine kwa muda mfupi. Kisu kilichopotea ni tatizo kubwa. Kisu cha randa hizi lazima kifuate uso wake nywele kwa nywele, na kutengeneza kingine kunaweza kuzidi bei ya randa, basi isiyo na kisu iwe na bei ya kuni. Kutu ya juu inaondoka. Kutu iliyochimba mashimo kwenye upande wa makali haiondoki, kwa sababu kila ukinoa shimo linafika kwenye makali. Mwili uliopinda hautengenezeki. Mashimo ya bungua yakiwa machache na makavu si neno, lakini unga mpya ukidondoka ukiigonga, usiiingize nyumbani kabisa, itakuambukizia zile nzima.

Pia angalia kama kisu ni cha randa hiyo. Sanduku likishamwagwa, visu huchanganywa. Pachika kisu, tazama kutoka nyuma kando ya soli: mstari wa makali uwe sambamba na uso wote. Kikipishana sana, mtu amekipachika ili auze.

Ukishazileta nyumbani, legeza kabari. Joto la Korogwe hukausha mbao iliyokaa Lushoto au Ulaya, mwili unasinyaa, kisu hakisinyai, na kabari iliyokazwa inapasua mashavu. Randa nyingi nzuri zinakufa hivyo mwaka wa kwanza.

Je, kama marudio yapo tayari? Usiyauze kwa hasara haraka. Moja iweke mdomo mpana na kisu kirefu kidogo kwa kuondoa mbao nyingi, nyingine iweke mdomo mwembamba kwa kumalizia. Fundi anayefanya kazi kubwa anazihitaji zote mbili. Au igeuze: randa ya mbinuko inaweza kupunguzwa iwe ya namba ndogo zaidi, kwa kuwa mbao inapungua lakini haiongezeki. Au badilishana. Anayekusanya Tanga au Lushoto naye ana zake za ziada, na kubadilishana hakuna kodi wala ada.

Kwa mwenye pesa kidogo anayetaka kuanza, ninasema jozi mbili za mbonyeo na mbinuko, moja ya upana wa milimita 8 hadi 10 na moja ya milimita 16 au zaidi, pamoja na randa moja ya kutia hatua ukingoni. Kwa hizo tano unajenga mikanda mingi kwa hatua, moja baada ya nyingine. Randa yenye umbo tata, la mawimbi mawili kwa mpigo, inapendeza macho lakini inafanya kazi moja tu. Nunua ya namna hiyo ukiwa na mlango mbele yako unaoitaka.

Na onyo la sheria, kwa sababu wauzaji wa zana za kale huwa pia na milango ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa nakshi kabla ya mwaka 1940. Randa aliyokuachia babu haina shida hiyo. Mlango wa nakshi kutoka Pangani, ukiuziwa kama nyongeza ya bei rahisi ili upelekwe nje ya nchi, hauna urahisi wowote.

Mwisho, bei. Muuzaji mwenye fungu la randa kumi atataka uchukue zote kwa bei moja, na bei hiyo itaonekana nzuri ukiigawa kwa kumi. Usiigawe kwa kumi. Toa kadi zako, tenga unazozikosa, tenga zile unazozipa kazi ya pili, na zilizobaki ziache kwenye turubai. Kisha igawe bei kwa idadi iliyobaki mkononi. Kama ni nne, kila moja inakugharimu mara mbili na nusu ya alichokuambia, na mazungumzo yenu yaanzie hapo.